Mwalimu wa Kijapani na Posa ya Mawaleh

Mpaka leo nikilazimika kupita mtaa ule wa Mawaleh, hapa Maskati, navuta shela mpaka puani, na si kwa sababu ya vumbi. Naona aibu, na nakuhadithieni tu kwa kuwa nusu ya kisa mmeshaisikia kwa watu, na nusu mliyoisikia ndiyo ya uongo. Wanasema Zuwena alimpelekea posa mwanafunzi wake. Sikupeleka posa mimi. Nilipeleka (sikilizeni vizuri) daftari la fizikia, na hilo daftari lenyewe nililisahau garini.

Balaa lote lilianzia kwenye tamthilia. Mimi nasomesha fizikia skuli ya wasichana, darasa la kumi na mbili, na watoto walikuwa wamenipachika jina, Abla Rula. Abla ni mwalimu wa kike, na rula ndiyo mimi. Mwaka ule walishikwa na tamthilia moja ya Kijapani, wanaitazama kwenye simu na maandishi ya Kiarabu chini, habari ya mwalimu wa sekondari asiyefanana na walimu, na siku moja nawarudishia mitihani yao nikasikia sauti nyuma kule, "Lau tungekuwa na mwalimu kama yule Mjapani." Nikauliza, Mjapani gani? Darasa zima likanyamaza, na mimi ni mtu ambaye ukininyamazia ndiyo umenichokoza. Jioni ile ile nikaitafuta hiyo tamthilia, nikakaa na kalamu na karatasi niandike makosa yake ili kesho niwarudie nayo.

Na makosa yalikuwepo, tena tele. Yule bwana alikuwa fundi wa injini kabla ya kupewa darasa la watoto walioshindikana, anaingia kusomesha na malapa miguuni, nywele hachani, mtaala kautupa kapuni, na nyuma ya skuli kajenga banda la kuku, kila mwanafunzi kuku wake amtunze mpaka mwisho wa mwaka. Nikasema huyu kwetu angefukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Ilipofika sehemu ya tatu nilikuwa nimesimama jikoni na sahani ya wali mkononi nalia.

Sehemu ya sita ndiyo iliyoniponza. Kuna mvulana kaacha kuja skuli, na yule mwalimu hakupiga simu wala hakuandika barua, alimchukua kuku wa yule mvulana akamtia kwapani, akaenda mpaka kwao, akakaa mlangoni mvua inamnyea saa nzima mpaka mtoto akatoka. Akamwambia, "Kuku wako anakuulizia," basi, na kesho yake mtoto akarudi darasani.

Sasa mimi nami nilikuwa na wangu. Shamsa, msichana mwembamba wa mstari wa mbele, ndiye mwanafunzi pekee aliyepata kunisahihisha ubaoni na ikawa haki iko kwake, anataka uhandisi, na kaacha kuja. Kila nikipiga simu mama yake ananiambia anaumwa kidogo, abla, na anakata. Mwalimu mkuu wetu, Mudira, akaniita akaniambia mtoto huyu akikosa wiki moja nyingine jina lake linaondoka kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Wiki moja. Miaka kumi na mbili ya kusoma inapotea hivi hivi, na hakuna aliyejua kwa nini.

Skuli yetu ina mfanyakazi wa jamii, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kuzungumza na wazazi, ana fomu zake na miadi yake. Lakini mimi kichwa kilishajaa Mjapani. Nikajiuliza, yeye alijaza fomu? Nikaamua Alkhamisi baada ya alasiri nitakwenda kwao Shamsa mwenyewe, bila ya simu, na daftari lake la maabara badala ya kuku. Uamuzi wenyewe ni huo, mdogo, haujazi hata kiganja.

Ingekuwa nimeishia hapo pengine ningesalimika, lakini nilimwambia mama.

"Unakwenda nyumba ya watu peke yako?" mama akaniuliza, na mama yangu akishaacha kuchambua mchele ujue mambo yameharibika. "Alkhamisi jioni, na mikono mitupu? Watasema mtoto huyu hakulelewa. Nnakwenda na weye, na tutapitia halua."

"Mama, nakwenda kwa kazi ya skuli."

"Kwani ukenda kwa kazi ya skuli kahawa hainyweki?"

Na gari langu je? Mama hapandi gari langu, anasema akikaa mle magoti yanamfika masikioni. Akampigia mdogo wangu Nassor, anayeuza magari Wattaya, aje atupeleke. Na siku hiyo kazini kwao walikuwa wanaonyesha gari jipya mbele ya wageni wakubwa, wauzaji wote wameambiwa wavae kirasmi, kwa hiyo Nassor akatufikia moja kwa moja kutoka huko, kanzu inang'aa, kilemba cha rangi ya zafarani, jambia la fedha kiunoni, na gari lenyewe ni lile jipya la kuonyeshea watu. Nassor ana miaka ishirini na saba na hajaoa. (Hili mlitie akilini. Mimi sikulitia.)

Basi ichoreni picha hiyo. Alkhamisi baada ya alasiri, saa ambayo Maskati nzima watu wanakwendeana kwa mambo ya kheri, linasimama mlangoni gari jipya, anashuka kijana na jambia lake, anashuka mama wa makamo na bangili zake zote na udi unanukia mpaka nyumba ya tatu, na mbele yao sinia la halua ambalo muuzaji, alivyomwona mama alivyovaa, alilifunga utepe mwekundu bila ya kuulizwa. Katika msafara ule wote ni mimi peke yangu niliyekuwa nakwenda kuzungumza habari za fizikia.

Mlango akaufungua mama Shamsa mwenyewe, mikono ina unga. Alinitazama mimi, akalitazama sinia, akamtazama Nassor kuanzia viatu mpaka kilemba, na uso wake uliokuwa umechoka ukafunguka ukawa uso wa siku ya Idi. Akatuvuta ndani. Baba yake Shamsa, Bwana Hilal, akatokea mlango wa pili, akamshika Nassor mkono akaingia naye majlisi, na ndivyo desturi, wanaume kwao na wanawake kwetu, kwa hiyo tangu dakika ile mimi sikuwa na habari ya ndugu yangu.

Tukakalishwa, udi ukawashwa, juisi ikaja, na shangazi yake Shamsa anayekaa nyumba ya pili akaingia amevaa mkufu wake. Nikaona nianze kabla sijapoteza nguvu. Nikasema, "Mimi ni mwalimu wa Shamsa, na leo tumekuja kwa sababu..." Mama akanifinya paja. Mbele ya mkubwa huanzi weye, na mama akaanza kwa Kiarabu chake kizuri kabisa, akauliza hali ya nyumba, hali ya wazee, hali ya waliosafiri, kisha akasema, "Sifa za mtoto wenu zimetufika. Zuwena hana wimbo mwingine nyumbani ila Shamsa. Akili, adabu, utulivu."

"Na kijana wenu, mashaallah," akasema shangazi.

Hapa mama angeweza kusema kijana ni dereva tu leo. Lakini mumtajie mama yangu mtoto wake wa kiume halafu mtegemee anyamaze? Akamsifu Nassor robo saa. Hana makuu, swala zake tano, kazi yake nzuri, hajapata kumpandishia mama yake sauti. Mimi nimeketi pembeni napanga hotuba yangu juu ya orodha ya mtihani, nasikia kwa sikio moja, na kwa hilo moja lenyewe sielewi.

Wakamleta bibi yake Shamsa, mzazi wa Bwana Hilal, kizee kidogo kimeshikwa mkono, kanga kichwani. Alimtazama mama yangu kwa muda, halafu akasema kwa Kiswahili, "Karibu, shoga yangu. Mbona mmechelewa kuja?" Na kabla mama hajajibu akapiga kigelegele. Kimoja, chembamba, kirefu. Shangazi akakipokea, na ukuta wa pili jirani naye akajibu. Mimi, mwanamke mzima mwenye shahada ya fizikia, nikadhani ndivyo wanavyomkaribisha mwalimu.

Ndipo akaingia Shamsa na birika la kahawa. Wamemvisha upesi upesi, wanja wa jicho moja umepanda kuliko wa pili, kainamisha kichwa kama wanavyofundishwa, na alipofika mbele yangu akanyanyua macho.

"Abla," akaniambia kwa sauti ndogo, "hata wewe?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliona aibu ikinishuka mpaka nyayoni, na kilichoniuma zaidi ya aibu ni yale macho, kwa sababu mtoto yule alikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemwambia utakuwa mhandisi, na mtu huyo kaja na sinia la halua kumwozesha.

Nikasimama. Nikasema, "Jamani, pana makosa. Hatukuja kuposa. Mimi nimekuja kwa ajili ya skuli."

Nilidhani nimeokoa, kumbe ndiyo nimeharibu. Shangazi akaweka kikombe chini taratibu. "Yaani mmekwisha kumwona," akasema, "ndiyo sasa mnasema hamkuja kuposa?"

Nyinyi wote mnazijua desturi zetu, sina haja ya kuzieleza sana. Watu wakija kwa sinia, wakaletewa binti na kahawa, kisha wakainuka bila ya neno, wamesema binti hafai. Na jirani kashasikia vigelegele. Mama Shamsa akakaa kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani, unga bado uko vidoleni, na ile Idi yote ikamtoka usoni. Mama yangu akaninong'oneza, "Maji yakimwagika hayazoleki. Twende zetu," na akaanza kukusanya baibui lake.

Nakiri nilitaka kwenda. Nilitaka ardhi ya Mawaleh ipasuke inimeze na malipo nilipe mimi. Lakini nikamkumbuka yule mwendawazimu na kuku wake kwenye mvua, na nikajiambia, Zuwena, fedheha umekwisha kuipata, ukiondoka sasa utakuwa umeipata bure. Nikaketi tena pale pale.

"Siondoki," nikasema. "Nimekuja kujua kwa nini Shamsa haji skuli, na sitoki nyumba hii mpaka nijue. Shamsa, sema mwenyewe."

Shamsa akamtazama mama yake, halafu akamtazama bibi. Mama Shamsa ndiye aliyesema, polepole, kichwa chini. Bibi tangu ugonjwa wa kusahau umshike Kiarabu kimemtoka chote, kilichobaki ni Kiswahili cha Tabora alikozaliwa. Mama Shamsa ni mtu wa Nizwa, hajui neno. Mtumishi naye hajui. Bwana Hilal anajua, na shangazi naye, lakini asubuhi wote wawili wako kazini kama mama Shamsa. Na bibi asiposemeshwa kwa Kiswahili hali, anadhani yuko nyumba ya wageni, anaona haya kula. Anakula kwa mkono wa Shamsa peke yake, kwa sababu bibi ndiye aliyemlea Shamsa na kumfunza lugha. "Ningewaambia nini skuli?" akasema mama Shamsa. "Kwamba tumeshindwa kumlisha mzee wetu?"

Mama yangu, aliyekuwa keshasimama, akaliacha baibui, akaenda kukaa karibu na bibi. "Umekula leo, bibi yangu?" akamuuliza kwa Kiswahili.

"Sijala," bibi akasema. "Si kwetu hapa."

"Si kwetu, lakini wametukaribisha vizuri. Kula na mie." Na mama akafungua utepe ule mwekundu, akakata halua kidogo kwa vidole, na bibi akafungua kinywa. Akala kipande cha kwanza, akala cha pili, akauliza kama iko kahawa. Mama Shamsa alikuwa analia bila ya sauti.

"Asubuhi mie nnafanya nini nyumbani?" mama akasema, hamwambii mtu maalumu. "Nnachambua mchele ulokwisha kuchambuliwa. Nitakuwa nnakuja mie, mtoto aende skuli."

Hilo limekwisha, lakini vigelegele je? Nikaomba Bwana Hilal aitwe, akasimama nyuma ya pazia, nikamweleza yote, na nikamwambia, "Baba Shamsa, aibu hii ni yangu, msiibebe nyinyi. Wakikuulizeni, semeni kijana kaja na mmemkataa."

"Tumemkataa kwa sababu gani?" akauliza.

"Kwa sababu binti yenu anasoma."

"Kwa sababu anasoma," akarudia, polepole, kama anayeonja chumvi.

"Na hamumwozi mpaka amalize chuo."

Kabla hajajibu pazia likasogea, akachungulia Nassor, tende bado iko shavuni. Kumbe huko majlisi aliulizwa anafanya kazi wapi, ana umri gani, anakaa na nani, na kwa Nassor kila anayemuuliza habari za kazi huwa anataka punguzo la gari, kwa hiyo akampa mzee kadi yake akamwambia, "Mimi niko tayari, ami, na mambo yote tutarahisishiana." Sasa anatutazama mmoja mmoja.

"Kuna nini?" akauliza.

"Umekataliwa," mama akamwambia.

"Nimekataliwa nini?"

"Posa."

Akatafuna tende ile mpaka akaimaliza. "Kwa nini?" akauliza, na nakuapieni kijana wa watu aliumia kwelikweli, mtu aliyeposa na kukataliwa katika dakika moja bila ya kuambiwa la kwanza wala la pili. Tukamwambia ni kwa sababu binti anasoma, na mpaka tunafika Wattaya kurudisha gari hakusema kitu ila mara moja tu, kwenye taa nyekundu. "Wangeniuliza hata mimi nilisoma wapi," akasema.

Bwana Hilal alilikubali ombi langu, na alilitimiza zaidi ya nilivyomwomba. Magharibi ile ile msikitini akawaambia watu kijana mzuri alikuja lakini binti yangu anasoma. Akawaambia tena Ijumaa. Na mtu aliyekwisha kutangaza mbele ya msikiti mzima kwamba binti yake anasoma hawezi kumwacha Jumapili, wiki ya skuli inapoanza, amekaa nyumbani, hata angetaka. Hilo ndilo nililolitaka, na nililipata, ila Jumapili hiyo hiyo naingia darasani saa moja na nusu, wasichana thelathini wakanipigia vigelegele.

Chumba cha walimu kilikuwa kibaya zaidi. Mudira aliniita akaniuliza, sauti haina hata chembe ya mzaha, kama nina ndugu wengine ambao hawajaoa na nimewakusudia wanafunzi gani. Mfanyakazi wa jamii akaniwekea fomu mezani, akaniwekea kidole kwenye mstari wa tatu. "Hapa," akasema, "pameandikwa madhumuni ya ziara. Tulipaweka kwa ajili ya watu kama wewe." Nikaijaza.

Lakini Shamsa alikuwa mstari wa mbele. Nikamrudishia daftari lake, lililozunguka Maskati siku tatu ndani ya gari la maonyesho, akalifungua mahali alipoachia akaanza kuandika. Kengele ilipolia akaja mezani kwangu. "Abla, mwambie kaka Nassor namshukuru," akasema. "Kwa kukubali kukataliwa." Mtihani aliufanya, na sasa yuko mwaka wa pili wa uhandisi, na mimi nikiulizwa nimefanya nini katika kazi hii nitamtaja yeye, halafu nitabadilisha mazungumzo kabla hawajauliza ilikuwaje.

Nassor hajasamehe. Mwaka jana mama alikwenda kumposea kwelikweli, nyumba moja ya Madinat Sultan Qaboos, na swali la kwanza aliloulizwa ni, si ndiye yule aliyekataliwa Mawaleh?

Nami nimeapa. Siendi nyumba ya mtu tena bila ya kupiga simu, siendi Alkhamisi, sipeleki halua, na nikimwendea mzazi namwendea na fomu mkononi na mfanyakazi wa jamii ubavuni. Ile tamthilia nimeirudia yote kutafuta nilipokosea, sehemu kumi na moja, na nimepaona. Yule Mjapani mama yake hatokei hata mara moja.

Wangu yuko Mawaleh kila asubuhi. Anaitazama tamthilia hiyo hiyo na bibi, wawili hao hawasomi maandishi yale wala hawajui neno la Kijapani, na mama anaifasiri kwa Kiswahili anavyotaka yeye, kwa hiyo bibi anaamini ni habari ya mtu anayeuza kuku. Na kila siku bibi akishakula anamshika mama mkono, anamuuliza jibu la posa limekuwaje. Mama anamwambia, mmetukataa, bibi yangu. Bibi anamwonea huruma upya kila siku.

"Pole, shoga yangu," anamwambia. "Rudini tena Alkhamisi."